Wameipeleka Meli Kwenye Barafu

Benchi letu ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matairi mawili ya lori, limeegemea ukuta wa ghala mkabala na geti la bandari, na upande wa kushoto linayumba, kwa hiyo anayekaa upande huo lazima akae wa mwisho na ainuke wa kwanza, la sivyo wenzake wanamwagikiwa kahawa. Nimesema letu ingawa mimi si mtu wa benchi, mimi ni mke wa mtu wa benchi, lakini tangu mume wangu aondoke na meli nimekuwa napita kila asubuhi na mtoto mgongoni, napita tu, nauliza tu, halafu najikuta nimekaa, kwa sababu chumbani ni mimi na mtoto na bomba linalodondosha matone, na hofu ikibaki peke yake na mtu inanenepa. Hapa angalau inapata watu wa kugombana nayo. Yupo Kamba, mzee aliyefunga kamba za meli gatini mpaka akastaafu. Yupo Bi Kofia, anayewauzia abiria wa meli kofia pana za ukili. Yupo Rada, fundi simu, ambaye simu yake ina ramani inayoonyesha meli zote za dunia kama siafu wa rangi. Na yupo Chungu mwenye birika, anayesema sukari ni ya wagonjwa. Mume wangu wanamwita Pasi, kwa sababu huko melini anafua na kupiga pasi, chini kabisa kusiko na dirisha, mashuka ya abiria elfu mbili na leso zao za meza. Mimi wananiita shemeji. Mwanangu, mwenye miezi saba, wamempa jina la Abiria, maana anabebwa, analishwa, na bado analalamika.

Sasa shida ni hii, niseme moja kwa moja nisije nikazunguka. Meli ilikuwa ije hapa, kama inavyokuja kila msimu, na mkataba wa Pasi ulikuwa uishie hapa hapa, ashuke ngazi na begi lake amkute getini mwanawe ambaye hajamwona hata siku moja, maana aliondoka mimi nikiwa na tumbo. Nguo ya mtoto ya kumpokelea baba yake nilishaishona, nikaifumua, nikaishona kubwa zaidi. Halafu kampuni ikatangaza kwamba meli imehamishwa njia, msimu wa huku umefutwa, inapelekwa bahari ya mbali kwenye milima ya barafu. Juzi nikapokea sauti ya Pasi kwenye simu, mashine zinanguruma nyuma yake, anasema wametuambia tuchague, wanaotaka kushuka watashushwa bandari ya mwisho kabla ya barafu warudishwe makwao kwa ndege, wanaotaka kuendelea wanasaini mkataba mpya. Akasema: “Wewe unasemaje?”

Mimi nikaja mbio benchini, simu mkononi kama mtu aliyeshika kaa la moto.

— Usimjibu kwa pupa, — Kamba alisema. — Penye wengi haliharibiki neno. Tulitunge hapa hapa.

— Mwanamume akiwa kazini haitwi nyumbani kama mtoto aliyekwenda kucheza topeni, — alisema Bi Kofia. — Mwanangu, usimlilie. Ukimlilia atarudi, halafu kila akikosa kitu atasema wewe ndiye uliyemrudisha.

— Andika, uamuzi ni wako, — akasema Rada.

— Ongeza, sisi tuko salama kabisa, — akasema Bi Kofia. — Hiyo “kabisa” ni muhimu.

— Na tia methali, — Chungu alisema. — Ujumbe bila methali unaonekana umeandikwa na benki.

— Methali gani?

— Mwenda tezi na omo, marejeo ngamani.

— Ngamani ndiyo wapi? — nikauliza, maana shuleni tuliiimba tu.

— Ni ndani ya chombo, kule chini kabisa, — akasema Kamba.

— Sasa si tunamwambia abaki humo humo?

— Hapana, shemeji, — Chungu akanitazama kwa huruma. — Tunamwambia kwamba tunajua kwamba anajua.

Wanne hao walikuwa wamejiamini mno, na mimi nilikuwa nimechoka, na mtoto alikuwa analia, nikaandika kama nilivyosomewa: Uamuzi ni wako. Sisi tuko salama kabisa, usiwe na wasiwasi wowote. Mwenda tezi na omo, marejeo ngamani. Nikatuma. Tiki mbili. Zikawa za bluu. Kisha kimya, jana kimya, na leo tena kimya.

Na leo ndiyo siku yenyewe, siku ambayo meli ilikuwa iingie. Nilipofika nikawakuta wamefanya kitu kilichonifanya nisimame katikati ya barabara. Bi Kofia alikuwa ameleta kofia zote, amezipanga moja juu ya moja hadi kimo cha mtu. Chungu alikuwa amepika birika kubwa, lile la siku ya meli. Kamba alikuwa amevaa glavu zake za ngozi.

— Meli inakuja? — nikauliza.

— Haiji, — akasema Kamba.

— Sasa glavu?

Akaziangalia mikononi kama zimevaliwa na mtu mwingine.

— Mkono umezoea, — akasema. — Niliamka tu, nikavaa.

— Na mimi nimestuka birika limeshachemka, — akasema Chungu. — Kahawa ya watu hamsini. Leo mtakunywa mpaka mtoe povu.

— Shemeji, achana na wazee hao, njoo uone, — Rada alinivuta mkono. — Nukta ile ya njano, ndiyo yenyewe. Leo usiku inaingia bandari ya kushushia. Mchana huu itapita karibu na nchi kavu, simu zao zitashika mtandao.

— Kwa hiyo ataandika?

— Ataandika. Au hataandika.

— Hilo nalo umeliona kwenye ramani? — Chungu akamuuliza.

Nikaitazama ile nukta mpaka macho yakaniwasha. Nukta haina uso. Nyuma ya mtaa wetu kuna dada mmoja, mume wake alikuwa mpishi wa melini, meli ikahamishwa akahama nayo, ikahamishwa tena akahama tena, kila mara anasema msimu huu mmoja tu, na siku hizi watoto wake wakipita mbele ya picha yake ukutani wanaiamkia shikamoo kama picha ya babu aliyekufa. Nilikuwa nacheka hilo jambo. Sasa silicheki. Nikawaambia, jamani, kama hajajibu mpaka sasa si ameshasaini, na kama ameshasaini mimi nitamwambia nini mtoto huyu, lakini wao walikuwa wameshaingia kwenye jambo wanalolipenda zaidi kuliko majibu.

— Pasi ni mtu mzima, — akasema Kamba. — Kinachoniuma mimi ni kwa nini wameihamisha. Meli ile! Ilikosewa nini hapa?

— Mafuta na pesa, — akasema Rada. — Kuna matajiri wanataka kuona barafu kabla haijayeyuka yote. Kampuni inafuata abiria, kama Chungu anavyofuata kivuli na birika lake.

— Mafuta! Wewe kijana kila kitu kwako ni mafuta. Sikiliza. Meli ina akili. Miaka yote niliifunga mimi, kamba ya mbele kwanza, halafu ya kiunoni, taratibu, kama shemeji anavyomfunga huyo Abiria. Nilipostaafu wakaja vijana wenye redio begani, wanaivuta kama mbuzi wa mnadani. Ikaumia kiuno. Ng'ombe aliyeumizwa zizini harudi.

— Ng'ombe hana nahodha, mzee. Meli inaongozwa.

— Na wale wanaoiongoza ni wangapi? Mmoja wa mchana, mmoja wa usiku, mmoja wa chakula. Manahodha wengi chombo huenda mrama. Kimekwenda mrama mpaka barafuni.

Bi Kofia alikuwa kimya muda wote, anajipepea kwa kofia, na kwa Bi Kofia kimya ni dalili ya ugonjwa.

— Sikutaka kusema, — akasema. — Ni mimi.

— Wewe nini?

— Mimi ndiye niliyeiondoa. Msimu ule wa mwisho mke wa nahodha alinunua kofia kwangu, ile ya zambarau. Mchana ikanyesha. Kofia ikatoa rangi. Yule mama alishuka ngazi shingo nyeupe, akapanda shingo ya bilinganya. Alinitazama kutoka juu kule, sijawahi kutazamwa vile. Mwanamke aliyeaibishwa na kofia harudi mji huo, na mke asiporudi, mume anapitia njia gani?

— Kwa hiyo abiria elfu mbili wamebadilishiwa bahari kwa sababu ya kofia yako?

— Usione vyaelea, vimeundwa, — akasema Bi Kofia, kifua mbele, na hakuna aliyethubutu kumuuliza inahusu nini.

— Nyote mnakosea, — akasema Chungu. Alikuwa anamimina, na Chungu akimimina huwa anashusha sauti kama anatoa siri za serikali. — Meli haijahama. Iko hapa.

— Hapa wapi?

— Mmeiona ile meli ya saruji iliyokuja mwezi uliopita? Mlimwona mtu yeyote akishusha saruji?

— Niliona kwa macho yangu wakishusha saruji, — akasema Rada.

— Ndivyo walivyotaka uone. Ile ni yenyewe. Imepakwa rangi ya kutu, imevua mapambo, imekuja kutuchungulia.

— Chungu, ile ni nusu ya urefu wake!

— Imekonda. Mke wangu alikonda hivyo hivyo mwaka aliofiwa, tena yeye ana mifupa. Sembuse chuma.

Nikacheka, sikutaka, kicheko kilitoka chenyewe puani, na mtoto mgongoni akashtuka akacheka naye, maana anacheka akihisi mgongo unatikisika, hajui habari. Rada alipoona watu wanacheka kwa hoja ya mwenzake akaona ameshindwa, akaacha mafuta yake yote akaingia mwituni.

— Haya, nijibuni mimi. Nani ameshawahi kumwona abiria kijana akishuka pale getini?

Wakafikiri.

— Wazee watupu, — akasema Kamba.

— Kila mwaka wazee watupu. Wale wale. Yule babu wa fimbo yenye kichwa cha bata, miaka mingapi tunamwona? Ameongezeka hata kunyanzi moja?

— Hata moja, — akasema Bi Kofia, mkono mdomoni.

— Sasa ghafla wanapelekwa kwenye barafu. Chungu, nyama ukitaka isiharibike unaiweka wapi?

— Kwenye friji, — akasema Chungu polepole, birika likabaki hewani.

— Basi. Mimi nimemaliza.

Ikapita dakika ambayo nadhani wote wanne waliamini. Halafu mwenyewe Rada akasonya, akasema lakini yule babu wa fimbo ya bata alikuwa mtu mzuri, alikuwa ananiletea betri, na hapo mazungumzo yakashuka kama moto uliotolewa kuni, kila mtu akaanza kukumbuka.

— Mnaikumbuka honi yake? — akauliza Bi Kofia. — Mabati ya mtaa mzima yanaitika. Mwanangu mdogo alikuwa anajificha chini ya meza, halafu akitoka anauliza, mama, leo tunakula nyama?

— Na mlikuwa mnakula.

— Tulikuwa tunakula. Na kofia nilikuwa sizitangazi. Nasimama tu hapa, jua linanitangazia.

— Wale wapiga tarumbeta wa melini, — akasema Chungu. — Wanakuja hapa wamevaa kaptula, masanduku yao wanayasukuma chini ya benchi, wanakunywa kahawa hawasemi neno. Usiku kucha wamepuliza, mdomo umechoka. Nilikuwa nawapa ya kwanza bure. Watu wa pumzi nawaheshimu.

— Mimi nilikuwa naijua kabla haijatoa honi, — akasema Kamba. — Maji ya gatini yanainuka kidogo, kama mtu anayevuta shuka upande wa pili wa kitanda. Unajua tu, amekuja.

Mimi nilimpandisha mtoto juu kidogo mgongoni. Nilikuwa nakumbuka yangu. Nilipomaliza kidato cha nne niliajiriwa duka la kutoa kopi, lile pale jirani na geti, ambalo sasa wanauza vocha. Siku za meli mabaharia walijaa kutoa kopi za vitabu vyao vya ubaharia. Pasi alikuja mara ya kwanza na kitabu kimoja, kopi moja, ukurasa mmoja. Nilipompa karatasi akaishika kwa viganja viwili, akasema imetoka ya moto kama shuka za kwangu. Nikadhani ananitania vibaya, nikamnunia. Akanionyesha vidole, vyeupe, vimekunjamana kwa maji na sabuni, akasema kazi yangu ni hii, dada, sina maana nyingine. Alinuka usafi, sijui niseme vipi, kama nguo iliyoanuliwa sasa hivi. Safari iliyofuata alikuja na ukurasa ule ule. Na iliyofuata. Mwenye duka akaniambia huyo kijana hana shida na kopi, kopi anazo za kujengea nyumba. Tulioana kati ya meli na meli. Maisha yetu yote tumeyapanga kwa ratiba ya kampuni ambayo mimi sijawahi kumwona hata karani wake, kwamba mwezi fulani itakuja, mwezi fulani itaondoka, na niliiamini ratiba hiyo kama watu wanavyouamini mwezi angani. Sikujua kwamba kuna chumba mahali fulani ambamo mtu anaweza kuamka, akanyoosha kidole, akaisogeza.

Hapo ndipo alipotokea mgeni. Mama wa makamo ya bibi, mnyoofu, viatu vyeupe, gauni jipya la maua makubwa ambalo bado lina alama za mikunjo ya dukani, anavuta sanduku la magurudumu. Alikwenda moja kwa moja hadi getini. Tukamwona anamuuliza askari. Askari akatikisa kichwa. Yule mama akashukuru, akageuza sanduku, akaja kwetu.

— Hamjambo, wanangu. Naomba kukaa kidogo.

— Shikamoo, mama, — tukamwamkia mimi na Rada, tukasogea. Chungu akampa kikombe kabla hajaomba, maana birika lile kubwa lilikuwa bado linamtia aibu.

— Dada yangu, — akasema Kamba, — na sanduku hilo unakwenda wapi?

— Nilikuwa nakwenda na meli.

— Meli imehamishwa! — wanne kwa pamoja.

— Najua imehamishwa. Walinijulisha. — Akaonja kahawa, akakunja uso, akameza kwa adabu. — Mimi ni mkunga, nimestaafu. Mimi na mwenzangu wa wodini tuliandikisha nafasi mwaka ule ule tuliostaafu. Chumba chenye kidirisha cha duara. Wiki moja tu, kwenda na kurudi, tulale, tule vilivyopikwa na mtu mwingine, tuamke bila kuitwa. Miaka yote usingizini kwangu kuna mtu anabisha mlango, mkunga, mkunga. Nikasema nataka nilale mahali ambapo anayebisha ni wa kuleta chai.

— Halafu wakaihamisha.

— Halafu wakaihamisha. Wakatupa tuchague. Urudishiwe hela, au ungoje meli nyingine msimu usiojulikana, au uifuate hii hii huko ilikokwenda. Mwenzangu hakulala, siku hiyo hiyo alichukua hela zake akaweka vigae jikoni. Mimi nikashindwa. Kila nikitaka kujibu naona nikichagua nimekubali kwamba haiji. Nikakaa kimya. Siku za kuchagua zikapita. Wakaniandikia, kwa kuwa hukujibu, tumekuchagulia.

— Wamekuchagulia nini?

— Barafu.

Bi Kofia akapasuka kicheko, akajizuia, akashindwa, na mgeni mwenyewe akacheka.

— Cheka tu. Barafu! Mimi nina magauni manne mepesi na vazi la kuogelea ambalo hata mume wangu hajaliona. Nauli ya ndege mpaka huko ni juu yangu. Barafu naiona kwenye friji kila siku, tena siipendi, inagandisha samaki pamoja.

Rada akatukodolea macho aliposikia friji, lakini tukampuuza.

— Sasa, mama, — akasema Chungu, — kama unajua haipo, sanduku la nini?

Yule mama akalishika mpini sanduku lake.

— Siku ya leo niliingoja miaka miwili. Sikuweza kuamka siku ya leo nikafue. Nikafunga vitu vyangu kama nilivyopanga, nikaja mpaka getini, nikamuuliza askari meli iko wapi, akaniambia haipo. Basi. Nilitaka kuambiwa na mtu mwenye uso. Sasa naweza kwenda nyumbani.

Kamba akavua glavu moja akajifuta shavu akisema ni moshi wa jiko, na jiko lilikuwa limezimika. Mgeni, kama wakunga wote, akawa ameshamtazama mwanangu, akamgusa kisigino, akaniuliza ananyonya, nikasema ananyonya, akaniuliza baba yake yuko wapi. Hapo wote wanne walimjibu, kila mtu na kipande chake. Kwamba baba yuko kwenye meli hiyo hiyo, kwamba naye amechagulishwa, kwamba leo usiku ndiyo mwisho, kwamba aliuliza na amejibiwa, kwamba tangu ajibiwe amenyamaza, pengine nahodha amewanyang'anya simu, pengine baridi imeua betri, pengine kapewa cheo.

— Aliuliza nini? — akasema mkunga.

Nikamchezea ile sauti. Mashine zikanguruma, Pasi akasema maneno yake, mwishoni akasema: “Wewe unasemaje?”

— Na akajibiwaje?

— Uamuzi ni wako, — akasema Rada.

— Sisi tuko salama kabisa, — akasema Bi Kofia.

— Na methali juu yake, — akasema Chungu.

Mkunga akawasikiliza wote mpaka mwisho, kwa heshima, kama anavyosikilizwa mtu mwenye uchungu wa kwanza. Kisha akanigeukia mimi.

— Hayo ya kwao nimeyasikia. Mwanangu, wewe unasemaje?

Nikawatazama. Kamba akatazama gatini. Bi Kofia akatazama kofia zake. Rada akaigeuza simu yake kifudifudi gotini. Chungu aliinamisha birika juu ya kikombe changu ili kufanya jambo, likatoa matone mawili na mashapo ya kahawa, birika la watu hamsini, sijui lilikwisha saa ngapi. Nilikuwa na hakika kuna mmoja wao atasema kitu. Benchi hili halijawahi kushindwa kujibu kitu chochote, linajua meli zinakonda na wazee wanagandishwa. Hakuna aliyejibu.

Kwa hiyo nikachukua simu yangu, nikabonyeza, nikaanza kuongea kabla sijaogopa.

— Pasi, mimi nasema urudi. Ule ujumbe haukuwa wangu, ulikuwa wa benchi zima, usiwakasirikie, wanakupenda, lakini mimi nasema urudi. Hatuko salama kabisa, tuko salama kidogo. Usiku nasukuma ndoo ya maji nyuma ya mlango ili mtu akifungua nisikie, na mtoto akikohoa nakaa kitako mpaka kukuche namhesabia pumzi. Ameota jino, la chini, hajamng'ata mtu bado isipokuwa mimi. Watu wanampenda lakini wote wanamrudisha kwangu jioni. Kama wewe mwenyewe unaitaka hiyo barafu sema, sema kwa mdomo wako, nitalia halafu nitanyamaza, lakini usiende kwa sababu nilikuambia usiwe na wasiwasi. Uwe na wasiwasi. Mimi ninao, nimechoka kuwa nao peke yangu. Shuka hiyo bandari. Shuka hata na nguo ulizovaa tu. Ndivyo ninavyosema.

Nikaachia kidole. Tiki ikatokea, moja.

Rada akaigeuza simu yake, akaitafuta nukta. Lori likapita, vumbi likatua juu ya kofia, Bi Kofia hakulipangusa. Moja. Nikaipangusa simu vumbi kwa kiganja, nikainama juu yake. Moja tu. Kisha, bila sauti yoyote, ya pili.

— Imefika, — akasema mkunga, na akanyoosha mikono kuelekea mgongoni kwangu. — Sasa mfunge mtoto upya, mwanangu. Anateleza.

Alikuwa anateleza kweli.